Mbuni anapandishwa meli

Leo nimefika Villa Romana del Casale, karibu na mji wa Piazza Armerina, kisiwa cha Sicilia, Italia. Jua la huku, jamani!

Ni jumba la shambani la tajiri wa Kirumi, karne ya 4. Mozaiki (picha za vijiwe vya rangi) sakafuni ni kama mita za mraba 3,500. Maporomoko ya udongo yaliifukia karne ya 12, ndiyo ikapona.

Unatembea juu kwenye ujia, unachungulia chini.

Ukumbi wa mawindo ndio umenimaliza.
Kwenye picha, wanyama wa Afrika wanapakiwa melini, wakauawe kwenye michezo ya Warumi uwanjani.
Jamaa kamkumbatia mbuni, anampandisha. Vijiwe vidogo kama punje za mahindi, lakini uzito unauona!

Nimeganda pale, watu wananipita.

Wewe ungekuwa na hela hizo, sakafuni ungeweka picha gani?