Nilivyoshuka kwenye dawa za sonona, na kwa nini kipande cha mwisho ndo kilichukua muda mrefu

Naandika hii kwa wenzangu wanaotumia dawa za sonona, wamepata nafuu, na sasa kila mtu nyumbani anawauliza unaacha lini. Mi nilianza setralini baada ya kujifungua mtoto wangu wa kwanza. Nilikuwa silali hata mtoto akiwa amelala, nalia tu, chakula hakina ladha, na kuna asubuhi mtoto analia pembeni yangu nashindwa kunyanyuka kitandani kumchukua. Dokta wa kliniki ya afya ya akili alinichagulia hiyo kwa sababu nilikuwa nanyonyesha na ni moja ya dawa zinazopita kidogo sana kwenye maziwa, nikapandishwa taratibu mpaka miligramu 100 kwa siku, na ilinisaidia, nataka hilo lieleweke kabla sijasema chochote kuhusu kuacha. Hiyo dawa ilinirudisha kwa mwanangu.

Sasa nimekaa vizuri muda mrefu, nimerudi kazini, nacheka na watu, nikamuuliza dokta naweza kuacha? Akaniambia mtu akishapona anatakiwa aendelee na dozi ile ile angalau miezi 6, wengine miezi 9 mpaka mwaka, ndo aanze kufikiria kupunguza, maana ukiacha mapema sonona inarudi kirahisi sana. Na aliyeugua zaidi ya mara moja anaweza kuambiwa akae nayo miaka 2 au zaidi. Mi ilikuwa mara ya kwanza na huo muda nilishauvuka. Basi akaanza kuniuliza vitu ambavyo sikutegemea kabisa, mnahama nyumba karibuni? kuna msiba? mume yupo au anasafiri? nani atakuona umebadilika kabla wewe mwenyewe hujajiona? Alafu akasema Ramadhani inaingia, tusianze sasa hivi mama, kwa sababu unaamka daku, unachelewa kulala, usingizi ukiharibika tutashindwa kujua ni kupunguza dawa au ni mwezi. Tukasubiri mpaka Idd ikapita. Nilimheshimu sana kwa hilo.

Mwili ukikosa hii dawa ghafla inakuwaje nilikuwa najua tayari. Kuna kipindi duka la dawa ninalochukulia liliishiwa, kila nikienda naambiwa njoo kesho, njoo kesho, siku zikasogea, nikaanza kizunguzungu, kichefuchefu, ndoto za ajabu ajabu, hasira za karibu, na kile kitu ambacho mi naita shoti, yaani ukigeuza macho haraka unahisi kama umeme umepita kichwani ukakatika. Mama mkwe akasema hiyo mimba. Jirani akasema malaria. Nikapima vyote viwili, hamna kitu. Nilivyopata dawa nikameza, haikuchukua muda nikawa afadhali.

Sista wa kliniki ndo akanifafanulia kwamba ubongo umeshajipanga kuishi na hiyo dawa, ukiitoa ghafla unahangaika mpaka ujipange upya. Akasema haya sio mambo ya uteja, teja anakitamani kile kitu na anaongeza kipimo kila siku, wewe hii dawa huna hamu nayo wala hujawahi kuongeza hata nusu. Nikaenda kumueleza mama mkwe taratibu tu, kwa sababu alikuwa na hofu ya kweli kwamba nimeshakuwa teja wa vidonge, na alikuwa anasema kwa upendo, sikutaka abaki na hilo moyoni.

Kwa hiyo mpango ukawa hivi: kutoka 100 kwenda 75, alafu 50, kila hatua kukaa kama mwezi hivi, hakuna kushuka mpaka nionane na dokta au niongee na sista kwa simu. Hapo juu palikuwa rahisi, kizunguzungu kidogo siku za mwanzo, kinaisha, naendelea na maisha. Nikaanza kujiona nimemaliza. Dokta akanizuia, akachukua karatasi akachora mstari unaopanda kwa kasi mwanzoni alafu unalala. Akasema dozi ya kawaida ya hizi dawa, kwa setralini ni kama miligramu 50, inashika karibu asilimia 80 ya zile sehemu za ubongo inazofanyia kazi, na ukiongeza mpaka 100 unapata nyongeza ndogo tu. Maana yake ukitoka 100 kwenda 50 ubongo unaona mabadiliko madogo, ila ukitoka kwenye kale karobo ka mwisho kwenda sifuri ndo unaona mabadiliko makubwa kuliko yote. Kumbe ndo maana watu wengi wanashuka vizuri wakifika mwisho wanaanguka, wanaambiwa ugonjwa umerudi, wanarudishiwa dozi nzima na kuambiwa ni ya maisha. Mwaka 2020 chuo cha madaktari wa magonjwa ya akili cha Uingereza kilitoa mwongozo wa kuacha hizi dawa na kinasema hivyo hivyo, mwishoni hatua ziwe ndogo zaidi.

Kuna kitu wengi tunaambiwa mtaani, kunywa leo acha kesho, ndo njia ya kupunguza. Kwa setralini dokta alikataa katakata. Akasema nusu ya dawa inatoka mwilini kwa muda wa siku moja na kidogo, kwa hiyo ukiruka siku unapanda na kushuka kila baada ya siku mbili, unajitesa bure. Fluoksetini, dawa nyingine ya sonona, ni tofauti, yenyewe inakaa mwilini wiki kadhaa hivyo inajishusha yenyewe taratibu, na kuna wagonjwa ambao dokta anawahamishia huko kwanza ndo wamalizie. Kila dawa ina tabia yake, usichukue mpango wangu ukaufuata wewe.

Kupata dozi ndogo ndo kulikuwa na kazi. Vidonge nilivyokuwa navyo ni vya 50, nusu ni 25, robo ni 12.5, na wembe unavimeng'enya, kipande kimoja kikubwa kingine unga mtupu. Mfamasia wa hospitali akanitafutia kile kikasha cha kukatia vidonge, unaweka kidonge kwenye kona, unafunga kifuniko, kisu kinashuka katikati. Akanifundisha nikate vya siku chache tu, nivitunze kwenye kichupa kikavu chenye kufunga vizuri, na vile vilivyokatika vibaya nisivitupe, nivichanganye na vile vizuri, wiki nzima inajisawazisha. Zile dozi za chini ya robo sikujikatia mwenyewe, alikuwa ananiandalia yeye kwa maelekezo ya dokta.

Na daftari. Kaunta buku la kawaida, nimepiga mistari: usingizi, kizunguzungu, shoti, machozi, kula, hasira. Kila usiku naweka namba kutoka 0 hadi 10, basi, hamna insha. Pembeni mume wangu alikuwa na karatasi yake, tumeandika pamoja na dokta zile dalili zangu mimi za sonona ilivyoanza mara ya kwanza: kuamka saa kumi alfajiri na kushindwa kulala tena, kuacha kupokea simu za mama, chakula kukosa ladha, kuahirisha kuoga. Akiona mbili zimekaa wiki mbili anampigia sista, hata kama mi nasema niko sawa. Na ikija fikra yoyote ya kujidhuru au kumdhuru mtoto, hospitali siku hiyo hiyo, hakuna kusubiri tarehe ya kliniki.

Daftari lilinisaidia nilivyotoka 25 kwenda 12.5. Siku chache tu nikaanza kulia hovyo, nalia kwenye daladala, nalia mtoto akidondosha kikombe, na shoti zikarudi. Nikaogopa kweli, nikajua imerudi. Dokta akafungua daftari akaniambia angalia, hii imekuja ndani ya siku chache baada ya kushuka, imekuja na kizunguzungu na shoti, na chakula bado unakula na simu za mama unapokea. Sonona yako ilikuja polepole kwa wiki nyingi na haikuwa na shoti. Akanirudisha 25, nikatulia, tukakaa hapo mpaka daftari likawa na sifuri nyingi, ndo tukashuka tena kwa vipande vidogo zaidi na kwa muda mrefu zaidi kila hatua. Kutoka hapo mpaka kumaliza kulichukua muda kuliko safari yote ya juu, na sijutii hata wiki moja.

Katikati ya hapo usingizi ulinisumbua na kuna mtu wa duka la dawa akataka kunipa diazepamu, eti utalala kama mtoto. Nikampigia sista kwanza, akanikataza, maana hiyo yenyewe mwili unaizoea haraka na ukishaizoea kuikata ghafla kunaweza kuleta degedege. Tukabadilisha tu muda wa kumeza, nikahamia asubuhi, nikaacha chai ya jioni. Ilitosha.

Nina binamu yangu ana baipola, ule ugonjwa wa akili wa hisia kupanda sana alafu kushuka sana, yuko kwenye dawa inaitwa lithiamu, alivyoniona nimeshuka akataka na yeye. Nilimwomba twende wote kwa dokta wake kabla hajagusa kidonge, na dokta akamueleza vizuri kwamba lithiamu ukiikata ghafla hatari ya kupanda kichaa ni kubwa, na kwa hali yake dawa ndo inayomuweka kazini na kwa watoto wake. Ameendelea nayo, anapima damu kama kawaida, yuko vizuri na biashara yake inaenda. Naumia sana nikiona watu wanawasimanga wagonjwa wa hivi kwamba wamekosa imani ndo maana bado wanameza dawa.

Mi sasa hivi simezi kitu, ila kliniki bado naenda kila baada ya miezi mitatu na karatasi bado anayo mume wangu. Dokta ameshaandika kwenye faili kwamba nikibeba mimba nyingine nianze kuonwa pale toka mimba changa, kwa sababu aliyepata sonona ya uzazi mara moja ana uwezekano mkubwa wa kuipata tena, na kama itabidi nirudi kwenye setralini nitarudi.