Alama 92, Daftari Bovu: Nilivyobadili Namna ya Kuwapima Wanafunzi Wangu wa Mtandaoni

Simu iliingia Januari 2022, usiku, tumeshakula. Nilimtambua kwa sauti kabla hajajitaja. Alikuwa mama mmoja, mtunza hazina wa kikundi cha kuweka na kukopa huko Kilombero, na miezi mitatu nyuma alikuwa amemaliza kozi yangu ya mtandaoni ya utunzaji wa hesabu. Nikamwamkia, akaitikia marahaba, kisha akaingia kwenye jambo lenyewe: "Mwalimu, mgao wa mwisho wa mwaka umetugombanisha."

Tulipomaliza kuongea nilifungua kompyuta nikatazama alama zake. Alikuwa na 92.

Kozi ile ilikuwa ya wiki 8. Awamu hiyo ilikuwa na watu 34, makatibu na watunza hazina wa VICOBA (vikundi vya kuweka na kukopa kama kile) na SACCOS ndogo (vyama vya ushirika vya akiba na mikopo), wengi wao wakisoma kwa simu ya kupangusa na bando la siku. Kila wiki niliweka video fupi, maelezo ya kurasa mbili na maswali 10, mengine ya kuchagua a, b, c au d, mengine ya ndiyo au hapana. Nilitumia Moodle, jukwaa la kufundishia mtandaoni ambalo linasahihisha lenyewe, kwa hiyo asubuhi nilikuta alama zimeshapangwa. Wastani wa darasa haukuwahi kushuka chini ya 80, nami niliamini kazi inakwenda.

Nikamwomba mama huyo anitumie picha za kurasa za daftari, majina ya wanachama yakiwa yamefunikwa. Zilipofika niliona tatizo ndani ya dakika tano. Kila mkopo uliotoka alikuwa ameuandika kwenye matumizi. Kila rejesho, deni pamoja na riba, alikuwa ameliandika lote kwenye mapato.

Ukitazama juu juu hakuna kibaya. Mwanachama akikopa 300,000 akarudisha 330,000, daftari litaonyesha matumizi 300,000 na mapato 330,000, itabaki 30,000, nayo ndiyo riba halisi. Fedha zilizomo sandukuni zilikuwa zinalingana na daftari hadi shilingi ya mwisho, na wale watatu wenye funguo za kufuli tatu walilala usingizi mwaka mzima. Kosa la namna hii halionekani mpaka siku ya kufunga mwaka, mikopo ikiwa bado iko mikononi mwa watu. Desemba ile shilingi 1,450,000 zilikuwa nje, na hapakuwa na ukurasa hata mmoja ulioonyesha kwamba hizo ni mali ya kikundi. Wakagawana kilichokuwa sandukuni. Januari wadaiwa walipoanza kurejesha, wanachama wawili walikuwa wameshajitoa, na mdaiwa mmoja akadai kwamba mgao ukishafanyika deni nalo limekwisha. Ugomvi ukaanzia hapo.

Kilichoniumiza zaidi nilikikuta kwenye maswali yangu mwenyewe. Wiki ya 3 nilikuwa nimeuliza: mkopo ambao mwanachama hajaurejesha ni nini kwa kikundi? Mali, dhima, mapato au mtaji? Mama alichagua mali. Jibu sahihi. Neno alilijua. Kuuandika mkopo wenyewe, kwenye ukurasa mtupu, tarehe upande huu na kiasi upande ule, sikuwahi kumwambia afanye hata mara moja katika wiki zote 8.

Sisi watu wa hesabu tunafundishwa mapema kwamba urari, yaani orodha ya kulinganisha jumla za pande mbili za hesabu, kulingana hakuthibitishi kuwa vitabu ni sahihi. Muamala ulioachwa kabisa hauonekani kwenye urari. Matumizi yaliyoandikwa kama mali hayaonekani. Makosa mawili yanayofidiana hayaonekani. Nilikuwa nafundisha somo hilo kila awamu, nalifundisha kwa moyo wote, na kwa muda wote huo nilizisoma alama za wanafunzi wangu kama mtu anayeuona urari umelingana akafunga vitabu akaenda kulala.

Kazi ya kubadilisha ilinichukua karibu mwaka, na sikupata njia sahihi mara ya kwanza.

Nilianza kwa kubana. Nilikuwa nimesikia kwamba majibu yanazunguka kwenye kundi lao la WhatsApp, nikaweka dakika 10 kwa jaribio na nafasi moja tu ya kujaribu. Nilichopima wiki hiyo kilikuwa nguvu ya mtandao. Kijana mmoja alikatikiwa umeme akiwa swali la 4. Dada mwingine alisubiri ukurasa ufunguke mpaka muda ukaisha. Niliuondoa utaratibu huo baada ya wiki mbili, na aliyeathirika nilimrudishia nafasi yake.

Kisha nikayatazama maswali kwa macho ya hesabu. Jaribio la ndiyo au hapana lenye maswali 10 ni dhaifu kupita nilivyodhani: mtu anayebahatisha tu ana nafasi ya takribani asilimia 62 ya kupata 5 au zaidi. Ukiweka machaguo manne, nafasi hiyo inashuka hadi kama asilimia 8. Kwa hiyo maswali ya ndiyo na hapana niliyafuta yote. Yale ya kuchagua sikuyaacha, ila nilibadili majibu ya kupotosha. Zamani niliyatunga kichwani, lolote lililokaa vizuri. Sasa niliyachukua kwenye makosa halisi niliyokwisha kuyaona. Mtu akigeuza tarakimu, 54,000 ikawa 45,000, tofauti ni 9,000, nayo inagawanyika kwa 9. Hilo likawa jibu mojawapo. Mtu akiandika kiasi upande usio wake, tofauti ya urari inakuwa mara mbili ya kiasi hicho. Hilo nalo likaingia. Hapo jibu baya likaanza kunipa habari. Nikiona watu 11 wamechagua c, najua wote wamepotelea njia gani, na kesho yake nafundisha hicho.

Kwa mahesabu ya riba na usuluhisho wa benki (kulinganisha daftari na taarifa ya benki) nilitumia maswali ambayo kila mtu anapewa tarakimu zake. Hayo bado ninayo, yanafanya kazi, sina mengi ya kueleza.

Kitu kimoja cha Moodle nilichokipenda ni upimaji unaomuuliza mtu ana uhakika kiasi gani. Mwanafunzi anachagua jibu, kisha anachagua kiwango cha uhakika: kidogo, wastani au mkubwa. Akipatia anapata 1, 2 au 3. Akikosa hapotezi kitu kwenye uhakika kidogo, anapoteza 2 kwenye wastani, na anapoteza 6 kama alikuwa na uhakika mkubwa. Nilipoanza kukitumia wanafunzi waliogopa, na mzee mmoja katibu wa SACCOS aliniandikia kwamba hajawahi kuona mwalimu anayechukua alama badala ya kutoa. Niliona ana hoja. Nikaamua jaribio hilo lisiingie kwenye cheti, libaki la kujipima tu, na woga ukapungua. Matokeo yake yalinifungua macho. Mada ya mikopo ilikuwa na wengi waliokosea wakiwa na uhakika mkubwa kuliko mada nyingine yoyote. Asiyejua na anajua kwamba hajui atauliza. Asiyejua akiwa na uhakika ndiye atakayeandika daftari la kikundi mwaka mzima bila kumuuliza mtu.

Insha nazo nilizijaribu. Kusoma kazi 34 kulinila jioni nne, na nyingi zilifanana neno kwa neno. Kuanzia 2023, programu za akili mnemba zilipoenea, zilianza kuja kwa lugha safi mno, aya zimenyooka, na hakuna hata moja iliyotaja faini ya kuchelewa mkutano au mfuko wa jamii. Ningejua vipi nani anaelewa? Nikaacha.

Njia iliyonisaidia kweli niliipata nilipobadili mahali pa kuanzia. Zamani nilianzia kwenye orodha ya kile ambacho jukwaa linaweza kusahihisha. Safari hii nilichukua karatasi nikaandika makosa matano ninayoyaogopa kuliko yote kwenye daftari la kikundi, yale yanayoweza kumpotezea mjane akiba yake. La kwanza likawa lile la mama wa Kilombero. Kisha kwa kila kosa nikajiuliza: nitamwona vipi mtu huyu akilikwepa?

Nikaandika kwa mkono ukurasa wa daftari la kikundi cha kubuni, nikaupiga picha. Jumla zinalingana, fedha taslimu inalingana, lakini ndani kuna kosa moja la kanuni, yaani muamala umeandikwa kwenye fungu lisilo lake. Mwanafunzi anapewa siku tatu. Anatakiwa kutuma vitu viwili: picha ya ukurasa aliousahihisha kwa mkono wake, na ujumbe wa sauti wa dakika mbili akinieleza kosa liko wapi, lingemdhuru nani na lini. Ukurasa nimeuandaa wa namna tano tofauti, ili jirani asimpe jirani jibu. Picha na sauti zinapita hata kwenye mtandao hafifu, na asiyetaka kusikika anaandika maelezo kwa mkono na kuyapiga picha.

Kusahihisha natazama mambo matatu tu: ameliona kosa, ameeleza limetokeaje, amerekebisha pande zote mbili. Sauti 34 za dakika mbili ni dakika 68 za kusikiliza, ukiongeza kuandika maoni inafika muda wa saa tatu hivi. Ni kazi, lakini ni jioni moja tu ukilinganisha na nne za zile insha.

Na sauti inasema mengi. Mtu anayeelewa anakwenda moja kwa moja: "Hapa mwalimu, tarehe 14, huyu kakopa, hela haijapotea, imehamia kwake." Mtu ambaye hajaelewa anasoma maelezo yangu ya wiki ya 3 kama yalivyo, na unamsikia anavyokwama anapofika kwenye tarakimu. Huyo simwandikii "umekosea". Namtumia ukurasa mwingine wenye kosa la aina ile ile, anarudia. Awamu ya kwanza ya utaratibu huu wastani ulishuka hadi 61, na wafadhili wa kozi waliniuliza kulikoni. Niliwatumia sauti tatu wasikilize, hawakuuliza tena.

Mama wa Kilombero alirudi kusoma awamu hiyo, nilimwita bila malipo kwa sababu niliona nina deni kwake. Ujumbe wake wa sauti ulikuwa wa dakika mbili na nusu, nyuma jogoo anawika. Alilitaja kosa, akataja safu mpya aliyoiongeza kwenye daftari la kikundi chake, imeandikwa "mikopo iliyo nje". Akasoma jumla ya siku hiyo kwa sauti: 870,000. Kisha akaanza kuwataja walionazo, mmoja mmoja, nikamwandikia haraka asinitajie majina.