Tumbo la Bibi na Dozi Iliyokuwa Ikipanda

Faili la Bibi lilikuwa na miandiko ya watu watano au sita, na wote walikuwa wamefanya jambo lilelile: kuongeza insulini. Yuniti 24 za asubuhi zikawa 28, zikawa 32, na siku ile ya kliniki ya kisukari, mwaka 2014, zilikuwa zimefika 38 asubuhi na 22 jioni, za ule mchanganyiko wa 30/70, yaani asilimia 30 insulini ya haraka na 70 ya polepole. Sukari kabla ya kula ilisoma milimoli 17.8 kwa lita, bado juu sana. Chini ya tarehe ya mwezi uliopita mtu aliandika: "Hafuati dawa."

Maneno hayo ni mepesi kuyaandika saa nne asubuhi, mabenchi yakiwa yamejaa hadi nje. Nilikuwa muuguzi wa kliniki hiyo, hospitali ya wilaya huko Nyanda za Juu Kusini. Nilianza na hesabu, maana hesabu haimtuhumu mtu. Chupa ya mililita 10 ina yuniti 1,000. Kwa yuniti 60 kwa siku, inakwisha siku ya kumi na saba. Bibi alikuwa akichukua chupa mbili kwa mwezi, na alikuja nazo kwenye mfuko: moja tupu, nyingine imebaki kidogo chini. Dawa ilikuwa inatumika. Au tuseme, ilikuwa inatoka kwenye chupa.

"Bibi, leo umeshajichoma?"

"Bado, mjukuu wangu. Mlisema nije sijala."

"Basi nionyeshe unavyofanya nyumbani, halafu unywe uji wako. Mimi nakaa tu."

Mikono yake ilikuwa mizuri kuliko ya wanafunzi wengi wa uuguzi. Aliiviringisha chupa viganjani mpaka weupe uliotuama ukachanganyika wote. Asiyefanya hivyo huvuta maji ya juu, ambayo mengi ni insulini ya haraka, na chupa ikikaribia kwisha anabaki na ile nzito ya polepole. Akaingiza hewa, akavuta hadi mstari wa 38, akagonga bomba kutoa mapovu. Bomba lenyewe nililikagua: lilikuwa la 100, yaani la insulini ya yuniti 100 kwa mililita, sawa na chupa. La 40 likitumika kwa dawa ya 100, mgonjwa hujipa dozi mara mbili na nusu. Kisha akafunua tumbo, na bila hata kutazama akaelekeza sindano vidole viwili kulia mwa kitovu. Nikamzuia mkono.

"Kwa nini hapo, Bibi?"

"Hapo hapaumi."

Nikamlaza. Uvimbe wa insulini mara nyingi hauonekani kwa macho, hutafutwa kwa vidole. Unapaka jeli kidogo, unapitisha ncha za vidole polepole kutoka ngozi nzima, isiyo na uvimbe, kuelekea anapochoma, kisha unafinya: ngozi nzima inafinyika nyembamba, penye uvimbe panakataa. Kulia kulikuwa na bonge lenye ukubwa wa andazi, kushoto jingine dogo zaidi. Ni mafuta yaliyokua chini ya ngozi kwa kuchomwa mahali pamoja miaka kadhaa, tena kwa sindano butu, kwa kuwa bomba moja alilitumia wiki nzima. Pale maumivu hufifia, na insulini inayoingia humo hufyonzwa kidogo na bila mpangilio.

"Kuna usiku unatoka jasho na kutetemeka?"

"Nani kakwambia?"

Ilikuwa siku ambazo macho yake yamechoka, hivyo mjukuu wake, mwanafunzi wa sekondari, ndiye anayemchoma jioni. Kijana alichagua paja. Ngozi nzima. Yuniti 22 zikafanya kazi ya yuniti 22, sukari ikashuka mno, na nyumba nzima ikaamka kumkorogea maji ya sukari. Kwenye faili hapakuwa na neno juu ya hayo, maana hakuna aliyewahi kuuliza jioni anachoma nani.

Kumhamishia ngozi nzima kwa dozi ileile kungemwangusha. Daktari alikubali tupunguze karibu moja ya tano: 30 asubuhi, 18 jioni. Nikazungushia mabonge mstari wa kalamu. Asubuhi atachoma tumboni nje ya mstari, jioni mapajani, akibadili upande kila wiki, na kila tundu liachane na la jana kwa upana wa kidole. Bomba jipya kila mara ndiyo kanuni. Kwa akiba tuliyokuwa nayo tulikubaliana lisivuke siku moja.

Yote hayo yalikula muda wa wagonjwa wanne, na benchi halikuficha hasira yake.

Wiki mbili baadaye, zahanati ya kijijini kwao ilipima sukari ya asubuhi ikapata 8.4, na hakukuwa na usiku wa jasho. "Hafuati dawa" nikaikata kwa mstari mmoja, maneno yakiendelea kusomeka kama inavyotakiwa, nikatia saini. Mabonge yalichukua miezi kulainika. La kulia lilikuwa bado linashikika Juni iliyofuata, na Bibi alikiri kwamba asubuhi za baridi bado linamtamanisha.