Ushindi wangu wa kwanza ulikuwa wa uongo

Usiku ule nilimpigia mama simu Tanga kabla sijamaliza kazi. Seli za saratani ya kinywa nilizokuwa nakuza kwenye maabara moja hapa Dar es Salaam zilikuwa zimekufa kwa wingi baada ya kuzimiwa jeni ya EGFR. Jeni hiyo hutengeneza kipokezi kinachoichochea seli igawanyike, na saratani nyingi za kinywa zinacho kupita kiasi. Maskini mama, akadhani nimepata dawa.

Asubuhi msimamizi wangu akauliza, "Na zile ulizozipa RNA isiyolenga kitu?"

Sikuwa nimeziangalia hizo seli za ulinganisho, ambazo hazikuzimiwa jeni yoyote. Kwenye hadubini, nazo zilikuwa zimekufa vilevile.

Kuzima jeni kwa njia hii hakugusi DNA. Unaingiza vipande vya RNA yenye nyuzi mbili, herufi 21 hivi. Seli inabakiza uzi mmoja na kuutumia kuisaka RNA mjumbe inayooana nao, yaani nakala ya maagizo ya jeni, kisha inaikata. Maagizo yakikatwa, protini haitengenezwi. Andrew Fire na Craig Mello walilieleza hilo mwaka 1998 kwa mnyoo mdogo, wakapewa Nobel mwaka 2006. Tatizo ni kwamba RNA yenyewe haipenyi utando wa seli, lazima uifungashe kwenye mafuta maalumu. Mafuta hayo ndiyo yaliyokuwa yanaua seli zangu. Jeni haikuhusika kabisa.

Nikapunguza mafuta nusu, kisha robo. Nikaondoa antibayotiki kwenye chakula cha seli, maana mafuta yanazipenyeza ndani nazo zinageuka sumu. Glavu nikawa nabadilisha kila mara, kwa sababu ngozi ya mtu ina vimeng'enya vinavyokula RNA, na jasho la Februari mnalijua. Halafu umeme ukakatika, jenereta ikagoma, inkyubeta ikapoa. Nililia chooni. Fundi sanifu wetu akanigongea mlango: "Dada, zipo nyingine zimegandishwa kwenye nitrojeni. Toka unywe maji."

Mara ya nne nilisubiri saa 72, kwa sababu protini ya zamani haiondoki haraka. Kwenye kipimo cha protini, mstari wa EGFR ulififia. Wa seli za ulinganisho ukabaki mweusi. Tukaweka ile rangi ya njano ambayo seli hai huigeuza zambarau. Vishimo vya sahani vyenye seli za ulinganisho vilikolea, vyangu vikawa hafifu. Seli zilikuwa hai, zimepunguza mwendo tu, na hilo ndilo lililonifanya niamini.

Safari hii sikupiga simu. Nilirudia kwa RNA nyingine, inayolenga sehemu tofauti ya jeni hiyohiyo. Nayo ilipotoa jibu lilelile, nikampigia.

"Sasa hiyo ndiyo dawa ya mjomba wako?" Mjomba hutafuna tambuu ya popoo na tumbaku toka sijazaliwa.

"Bado, mama. Hizi ni seli za kwenye sahani. Wewe mwambie aache tambuu."

Akacheka. "Mwanangu, bora hiyo kazi yako."