Vyuma Vizito Wakati wa Kupunguza Mafuta

Watu wengi wanapoanza kupunguza mafuta mwilini huweka kando vyuma vizito na kushika vyepesi, wakirudia mara 20 au 30 kwa imani kwamba jasho ndilo linaloyeyusha mafuta. Sikubaliani nao. Mafuta hupungua pale chakula kinapouletea mwili nishati pungufu kuliko ile inayotumika. Kazi ya chuma kizito katika kipindi hicho ni kuupa mwili sababu ya kuitunza misuli, ambayo vinginevyo ingepotea pamoja na mafuta hayo.

Kwa hiyo mimi hubaki na uzito mkubwa katika kuchuchumaa na kunyanyua kutoka sakafuni, marudio 4 hadi 6 kwa kila seti (fungu moja la marudio kabla ya kupumzika), na kinachopungua ni idadi ya seti tu, kwa kuwa mwili usioshiba huchelewa kurudisha nguvu. Protini huwa gramu 1.6 hadi 2.2 kwa siku kwa kila kilo ya uzito wa mwili. Kupungua asilimia 0.5 hadi 1 ya uzito wa mwili kwa wiki kunatosha. Mizani ikishuka ghafla mwanzoni (na hushuka kweli, mtu akaanza kujisifu), sehemu kubwa ni maji. Nguvu zikididimia wiki baada ya wiki, mimi huongeza chakula kidogo kabla ya kugusa ratiba ya mazoezi.