Viatu vyenye nyota

Juzi kwenye grupu letu la wasapu la tuliosoma pamoja kuna mtu katupia picha ya siku ya kumaliza shule, basi ikawa balaa, kila mtu anajitafuta, ona fulani alivyokuwa mwembamba, ona Sista kasimama kama askari, meseji zimefika mia hata sijaamka. Mi nilipoifungua sikuangalia sura. Niliivuta ikawa kubwa nikashuka moja kwa moja miguuni kwangu, na vilikuwepo. Vile viatu.

Ngoja nianze mbali kidogo.

Tulisoma bweni kwa masista, wasichana watupu. Kengele alfajiri, Misa, kengele ya usafi, kengele ya darasa, yaani maisha ni kengele tu. Ile ya saa sita mchana ndo nilikuwa naipenda, ya sala ya Malaika wa Bwana, ikilia unasimama hapo hapo ulipo, uwe umebeba ndoo, uwe unakimbia, mwalimu akiwa katikati ya hesabu chaki inabaki juu ubaoni, na dakika mbili shule nzima inakuwa kimya halafu sauti moja inaanza na wengine wanajibu. Wenzetu wasio Wakatoliki walikuwepo wengi tu, walisimama nao kimya, na mmoja nakumbuka alijua majibu yote kuliko mimi niliyebatizwa mchanga. Hakuna aliyemlazimisha. Baadaye ukubwani nilisoma tamko la Mtaguso wa Pili wa Vatikano, ule mkutano mkuu wa maaskofu, kuhusu elimu, la mwaka 1965, linasema shule za Kikatoliki ziwajali kwanza maskini wa mali, waliokosa familia, na wale wasio na imani. Nikasema kumbe, kumbe sisi hatukuwa tunawafanyia hisani, ni wao ndo walikuwa na haki ya kuwepo pale kabla yetu.

Lakini nataka kusema kuhusu Kwaresima.

Jumatano ya Majivu injili haibadilikaga, kila mwaka ni Mathayo 6, utoapo sadaka usipige panda mbele yako, mkono wa kushoto usijue ufanyalo mkono wa kuume. Padre anasoma, tunapakwa majivu, tunatoka kanisani, na saa hiyo hiyo, sitanii, saa hiyo hiyo na majivu yetu kwenye paji la uso, tunakuta chati imebandikwa kwenye ubao wa matangazo: madarasa yote yamepangwa, na kila wiki wanajaza darasa gani limechanga zaidi. Hatukuona kasoro kabisa. Tulikuwa tunashindana kama mpira. Kiranja anapita na boksi dawati kwa dawati, jamani msituaibishe, hata kidogo.

Mwaka huo nyumbani mambo yalikuwa yameenda mrama, mama anaumwa, baba hana kazi, mi sina kitu. Yule mjane wa Injili alikuwa na senti mbili, mi hata hizo mbili sikuwa nazo. Basi nilibuni mbinu: nakunja ngumi kama nimeshika kitu, naingiza vidole kwenye tundu la boksi, nagonga kwa kucha kwa ndani, ko. Inalia kama imeanguka. Nilifanya hivyo wiki zote sita na hakuna aliyenigundua, au labda waligundua wakanyamaza.

Halafu likaja la pili, ambalo ni baya zaidi. Zile sadaka zilipokusanywa, sehemu ilirudi humo humo shuleni kwa wanafunzi wenye shida, ambayo ni sawa kabisa, ila ilikuwa inafanyika paredi. Jina linasomwa, unatoka kwenye mstari, unatembea mpaka mbele, unapewa madaftari na sabuni, unageuzwa uangalie kamera kwa ajili ya wafadhili, na shule nzima inapiga makofi. Jina langu lilisomwa. Kutoka kwenye mstari wetu mpaka mbele ni hatua chache tu, mi najua, nimeshazipita mara elfu, lakini siku hiyo niliona kama sifiki. Yale makofi ndo yaliniuma. Walipiga kwa nia njema kabisa, na nilirudi nikayaficha yale madaftari chini ya godoro mpaka muhula ukaisha.

Mwaka uliofuata akaja Sista mwingine kusimamia kikundi cha huruma. Mdogo hivi, anaongea taratibu, ukimwamkia Tumsifu Yesu Kristo anasimama kabisa ndo anaitikia Milele na milele, amina, hapiti anaitikia mgongo. Jumatano ya Majivu ikafika, hakuna chati. Viranja wakamfuata, Sista, chati ya mwaka huu vipi? Akawauliza, "Chati ya nini wanangu? Asubuhi tumesikiliza nini?" Ikaishia hapo, hakutoa hotuba wala nini. Boksi akalitoa madarasani akaliweka kanisani nyuma ya nguzo, pale ambapo ukienda uko peke yako na hakuna wa kukuhesabia.

Nisiwadanganye, pesa ilishuka. Ilishuka sana, na kuna walimu walilalamika kwamba watoto bila mashindano hawatoi. Wako sahihi kidogo, mi mwenyewe sijui ningekuwa na shule ya kuendesha ningefanyaje. Ila vitu viliongezeka, nguo, viatu, vitabu, sijui kwa nini, nadhani kitu ukikitoa bila kuandikwa huoni haya hata kama kimechakaa.

Na majina paredi yakafa. Badala yake Sista alikuwa na stoo, na jioni anakuita, mwanangu njoo unisaidie kufagia stoo. Basi. Ukionekana unaenda, unaenda kufagia. Na aliita wote, wenye nacho na wasio nacho, hivyo ufagio haukumtambulisha mtu. Siku yangu ilipofika viatu vyangu vilikuwa vimefunguka mbele kabisa kama mdomo. Akanipa ufagio, akanionyesha kabati, akasema chukua vinavyokutosha, mi nawahi Masifu ya Jioni, ukimaliza niletee ufunguo. Akaondoka. Aliniacha peke yangu na kabati wazi.

Nikapata jozi imenikaa vizuri. Nikainua ulimi wa kiatu kufunga kamba, ndani yake kuna herufi moja ya kalamu ya wino na kinyota pembeni.

Sasa ile alama naijua. Bweni vitu vinapotea, kila mtu ana alama yake, na ile niliiona kila siku ya Mungu kwenye madaftari, kwenye kijiko, kwenye kitabu cha nyimbo, kwa sababu mwenye hiyo alama nilikaa naye dawati moja. Nilikaa sakafuni pale stoo muda mrefu tu. Nilitaka kuvirudisha. Lakini vilinitosha, na kesho yake kuna baridi na mvua, nikavivaa.

Asubuhi nimekaa miguu nimeiingiza chini ya benchi mpaka nyuma kabisa. Akaangalia chini mara moja. Mara moja tu, nilimwona. Halafu akasema, "Niazime rula." Nikampa.

Miaka miwili tulikaa vile. Kuna kipindi tuligombana, tuligombana kweli, wiki nzima hatusemeshani kwa kitu cha kijinga ambacho hata sikikumbuki, na wasichana wakigombana mnajua maneno yanayotoka. Alikuwa na silaha, iko miguuni kwangu, hakuigusa.

Mi nikisoma habari za watakatifu siku hizi ndo navitafuta vitu kama hivyo. Yohane Mbatizaji de La Salle, yule wa Ufaransa aliyezaliwa 1651, mtakatifu msimamizi wa walimu, alishitakiwa Paris na walimu wa kulipwa kwa sababu shule zake za bure ziliwapokea hata watoto wa wenye uwezo. Wao walitaka maskini wajulikane ni maskini. Yeye aliwachanganya dawati moja. Au Frédéric Ozanam, mwanafunzi wa miaka 20, mwaka 1833, wenzake walimkejeli kwamba Kanisa lako leo linafanya nini kwa maskini, akaanzisha na rafiki zake chama cha Mtakatifu Vinsenti wa Paulo, na kazi yao kubwa ilikuwa kwenda kuwatembelea watu majumbani kwao. Mlango unafungwa mnaongea.

Sasa kwa nini naandika haya leo. Hilo grupu letu tunachanga, tunataka kupeleka vitu shuleni, jambo zuri sana, na kamati ikapendekeza siku ya kukabidhi tuwe na bango, fulana, na wanafunzi watakaopewa wapange mstari tupige picha na kila mmoja. Mi damu ikanipanda. Nikaanza kuandika meseji ndefu, kwamba tulikariri matendo saba ya huruma ya kimwili, sita ya Mathayo 25 na la saba la kuzika wafu limetoka kitabu cha Tobiti, na Papa Fransisko mwaka 2016 akapendekeza liongezwe la kutunza mazingira, na humo mote sijaona kamera. Nafuta, naandika upya, naogopa nitaonekana najifanya mtakatifu, na kumwambia mtu kwa nini naumia ni lazima niseme yangu.

Nikiwa bado naandika, yule mwenye kinyota akatuma kwenye grupu maneno mawili: "Picha hapana."

Watu wakaanza kuuliza kwa nini, hakujibu. Mwenyekiti akasema sawa basi, tutapiga picha ya maboksi tu.

Dakika chache baadaye akaniandikia pembeni. Rula yako bado ninayo.