Geneva kwa Kazi, Venice kwa Likizo: Safari Yetu Bila Watoto

Mwaliko wa mkutano wa Geneva ulipofika, jambo la kwanza nililoliangalia ni tarehe. Mkutano wenyewe, uliohusu uhifadhi na usafirishaji wa chanjo, ungemalizika Ijumaa mchana, na likizo yangu ya mwaka ilikuwa haijaguswa hata kidogo. Mume wangu naye alikuwa na likizo iliyolimbikizwa. Tangu tulipopata mtoto wa kwanza hatukuwahi kusafiri wawili peke yetu, hata safari ya kulala nje usiku mmoja, na kila tulipolizungumzia jambo hilo tuliishia kuliahirisha. Safari hii mama mkwe ndiye aliyekata shauri. Alisema atahamia kwetu kukaa na wajukuu wake, na kwamba hataki kusikia visingizio.

Kuchanganya safari ya kikazi na mapumziko kunahitaji uangalifu mkubwa katika fedha na karatasi. Tulikubaliana tangu mwanzo kwamba mwajiri asilipie senti ya likizo yetu, nasi tusiibe saa ya kazi kwa ajili ya matembezi. Niliomba tiketi yangu ikatwe ya kuingilia Geneva na kutokea Venice, na tofauti ya nauli nikailipa mimi. Hoteli iliandika ankara mbili, moja ya chumba cha mtu mmoja kwa ajili ya kurejesha masurufu ofisini, nyingine ya nyongeza ya mtu wa pili, tuliyoilipa kwa kadi yetu. Kwa upande wa viza, nchi za Schengen, yaani nchi za Ulaya zinazotumia viza moja ya pamoja, zinataka ombi lipelekwe kwa nchi ambayo ndiyo kiini cha safari, ama kwa urefu wa kukaa ama kwa shughuli inayompeleka mtu, na bima ya matibabu isipungue euro 30,000. Kwa kuwa siku zetu za Uswisi zilizidi kidogo zile za Italia na kazi ilikuwa huko huko, maombi yote mawili tuliyapeleka Uswisi, yakiambatana na barua ya mwajiri iliyotaja waziwazi siku za mkutano na siku za likizo. Barua ile naiona kuwa karatasi muhimu kuliko zote tulizobeba, kwa sababu iliieleza safari nzima kabla ya mtu yeyote kuuliza.

Siku za Geneva zilikuwa za kazi kwelikweli. Vikao vilianza asubuhi na kuendelea hadi jioni, na wakati wa mapumziko ya chakula mazungumzo yaliendelea mezani. Mume wangu ndiye aliyeufahamu mji. Wageni wanaolala hotelini Geneva hupewa kadi ya kusafiria bure kwa tramu, mabasi na hata boti ndogo za manjano zinazovusha watu kutoka upande mmoja wa bandari hadi mwingine, naye aliitumia kadi hiyo kikamilifu. Kila jioni nilipotoka kikaoni nilimkuta ananisubiri nje ya lango, amekwisha kuchagua kitu kimoja tu cha kunionyesha kati ya vyote alivyoviona mchana. Utaratibu huo aliubuni mwenyewe na ulinifaa sana. Nilikuwa nimechoka, nisingeweza kuvumilia mzunguko wa mji mzima, lakini kitu kimoja kilichochaguliwa na mtu anayenijua kilinitosha.

Jioni moja alinipeleka kwenye kiti kikubwa cha mbao kilichosimamishwa mbele ya Palais des Nations, jengo lililojengwa kwa ajili ya Shirikisho la Mataifa, lililoutangulia Umoja wa Mataifa, kati ya mwaka 1929 na 1938. Kiti hicho kina urefu wa mita 12, na mguu wake mmoja umevunjika na kubaki vipandevipande vilivyochongoka. Kilibuniwa na msanii Daniel Berset na kuwekwa hapo mwaka 1997 ili kuyakumbusha mataifa kuhusu watu wanaokatwa viungo na mabomu ya kutegwa ardhini. Ukisimama chini yake na kuinua macho, unaona nyuzi za mbao zilivyopasuka pale mguu ulipoishia, na ukubwa wake unakufanya uone udogo wako. Siku iliyofuata niliingia kikaoni nikiwa na ari mpya, kwani chanjo nazo zina habari ya mtoto mmoja mmoja nyuma ya takwimu.

Jioni nyingine ilikuwa zamu ya Jet d'Eau, mchirizi wa maji unaorushwa kutoka ziwani hadi mita 140 juu. Mume wangu alikuwa amesoma historia yake. Mwaka 1886 mtambo wa kusukuma maji kwa nguvu kuendesha mashine za mafundi wa mji ulihitaji mahali pa kutolea mgandamizo uliozidi warsha zilipofunga mashine zao jioni, na maji yaliyoachiwa yakaruka juu. Watu wakayapenda, na mwaka 1891 mchirizi ukahamishiwa ziwani, mahali ulipo sasa. Tulisimama kwenye gati la mawe karibu nao mpaka upepo ulipogeuka na kutulowanisha, nasi hatukuondoka.

Nyumbani tulipiga simu kila siku, lakini wakati wa kupiga ulibadilika. Mwanzoni tulipiga jioni, na mama mkwe akatueleza kwa upole kwamba mtoto mdogo akisikia sauti zetu kabla ya kulala hulia na kukataa kitanda. Tukahamishia simu asubuhi, kabla hawajakwenda shule, na mambo yakatulia. Mdogo bado hajajua simu ya video inavyotumika. Huibandika simu sikioni, nasi hapa tunaona sikio lake tu, likijaza kioo kizima, huku sauti yake ikitusimulia habari za mwalimu na rangi zake za kuchorea. Mume wangu alikuwa akilitazama sikio lile bila kusema neno mpaka simu ikatike.

Kazi ilipomalizika niliifunga kompyuta na kuiweka chini kabisa ya sanduku. Taarifa ya mkutano nilikuwa nimeiandika usiku wa mwisho na kuituma, ili nisibaki na deni. Nadhani hapo ndipo wengi wanaochanganya kazi na likizo hukwama, kwa kuibeba taarifa hadi ufukweni na kuiandika kidogokidogo kila siku, likizo ikaisha bila kuanza.

Treni ya kutoka Geneva kwenda Milan huchukua takriban saa nne, na hakuna sehemu ya safari niliyoifurahia zaidi. Tulichagua viti vya upande wa kulia, kwa kuwa ziwa hukaa upande huo njia nzima hadi baada ya Montreux. Ng'ambo ya maji ilionekana milima ya Ufaransa, na upande wa kushoto, baada ya Lausanne, yalipanda matuta ya mizabibu ya Lavaux, yaliyoingizwa katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2007. Matuta hayo yameshikiliwa na kuta za mawe zilizojengwa na kutengenezwa tena na tena kwa karne nyingi, kutoka karibu na maji hadi juu mlimani. Baada ya Brig treni ikaingia katika handaki la Simplon, lililofunguliwa mwaka 1906, lenye urefu wa karibu kilomita 20. Tuliingia upande wa Uswisi, giza likatufunika kwa dakika kadhaa, tukatokea Italia.

Katika giza lile mume wangu aliniuliza, "Mama watoto, umeona kwamba tumezungumza tangu Lausanne na hakuna aliyetukatiza?" Ni kweli. Tulikuwa tumezungumza juu ya mama yangu anavyozeeka, juu ya kazi ambayo mume wangu alikuwa akifikiria kuiacha, juu ya nyumba. Mengine tulikuwa tumeyaanza miezi iliyopita na kuyaachia njiani, kwa sababu daima kulikuwa na mtu wa kuvishwa viatu. Safarini kila mada ilifikia mwisho wake.

Milan tulikaa kwa muda mfupi, na sehemu ya muda huo mume wangu aliutumia hotelini akikamilisha hesabu alizopaswa kutuma kazini kwake. Duomo, kanisa kuu la mji, tulilipanda hadi juu ya paa, ambako mtu hutembea katikati ya minara ya marumaru. Lakini lililonigusa zaidi ni picha ya Karamu ya Mwisho ya Leonardo da Vinci, iliyo ukutani katika ukumbi wa chakula wa watawa wa Santa Maria delle Grazie. Tiketi zake lazima zinunuliwe mapema, nasi tulizinunua kabla hata ya kupanga hoteli. Watu huingizwa kwa vikundi vidogo, wanapita milango inayofungwa nyuma yao kabla ya mingine kufunguliwa ili vumbi na unyevu visiingie, kisha hupewa dakika 15 tu. Leonardo alichora juu ya ukuta mkavu badala ya lipu mbichi, ndiyo maana rangi zilianza kubanduka mapema. Mwaka 1652 watawa walitoboa mlango na kuikata sehemu yenye miguu ya Yesu, na Agosti 1943 mabomu yaliubomoa ukumbi huku ukuta wa picha, uliokuwa umekingwa kwa mifuko ya mchanga, ukibaki umesimama. Nilitumia dakika zangu nyingi kutazama mikono ya mitume, kwa sababu kila mkono unasema jambo lake.

Venice tuliifikia mchana kwa treni iliyopita juu ya maji. Daraja la reli linalounganisha visiwa vya mji huo na bara lilifunguliwa mwaka 1846, na ukitoka tu nje ya stesheni ya Santa Lucia, mbele yako ni Mfereji Mkuu, bila gari, pikipiki wala baiskeli. Tulipanda boti ya abiria nambari 1, inayokwenda polepole na kusimama karibu kila kituo, nasi tulikuwa na haja ya polepole hiyo. Boti ya taka ilitupita, kisha boti iliyobeba mashine ya kufulia na godoro, kisha boti ya wagonjwa iliyokuwa ikipiga king'ora. Mji mzima hufanya juu ya maji yale yanayofanywa kwingine barabarani.

Mwaka 1966 maji yalipanda sentimita 194 na kuuzamisha mji huo karibu wote. Sasa milango 78 ya chuma iliyolazwa chini ya bahari kwenye malango matatu ambamo bahari huingia katika wangwa, yaani maji ya kina kifupi yanayouzunguka mji, huinuliwa maji yanapotishia, na ilifanya kazi hiyo kwa mara ya kwanza Oktoba 2020. Mimi, ambaye kazi yangu ni kupanga jinsi vitu vinavyofika mahali vikiwa salama, nilivutiwa na milango hiyo kuliko hata makanisa, na mume wangu alinisikiliza nikiieleza kwa jioni nzima. Tangu 2024 wageni wa kutwa hutozwa ada katika baadhi ya siku. Wanaolala mjini hawalipi ada hiyo, bali kodi ya malazi ya kila usiku. Kulala humo ndani kuna faida yake, kwani kundi kubwa la wageni likiondoka jioni, vichochoro vinarudi kwa wenyeji, na watoto wanacheza mpira uwanjani mbele ya kanisa. Tulikaa sana kuwatazama watoto hao, tukiwakumbuka wetu.

Kwenye boti ya kwenda uwanja wa ndege, mume wangu alisema safari ijayo tuwalete watoto Venice. Mimi ningewapeleka Uswisi, ambako baadhi ya treni zina behewa lenye eneo la kuchezea watoto ghorofani, na Venice tungeiacha iwe yetu wawili. Tulibishana hadi tulipofika kwenye kaunta ya kukagulia mizigo, na mpaka leo hatujaafikiana.